Rangi Zilizohama Bila Majina

Mistari ilikuwa inateremka kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, mmoja baada ya mwingine, kama wanafunzi wanaotoka darasani. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, ameng'ang'ania kiti changu.

"Rangi zinapita?"

"Zinapita, mama mdogo. Hakuna hata moja inayolia."

Hakucheka. Mtu ambaye hucheka hata nikipiga chafya.

Kiwanda kilikuwa cha mjomba. Yeye, marehemu mama yangu na mama mdogo ni tumbo moja. Tulichapa vitambaa: mashuka, mapazia, sare za shule. Mama mdogo alichanganya rangi, na mimi, na stashahada yangu ya kompyuta, nilikuwa fundi wa kila kitu chenye waya, birika la chai likiwemo. Sasa mjomba alikuwa ameleta mashine mpya ya kuchapa, na programu yake ilikataa kufungua mafaili yetu, yale yenye mapishi ya kila rangi tuliyowahi kuitengeneza. Ilitaka toleo la pili. Yetu yalikuwa toleo la kwanza. Kazi yenyewe haina jasho: unaandika amri moja, badilisha folda nzima, toka la kwanza kwenda la pili, unabonyeza, halafu unakunja mikono kama mtu aliyesoma.

Amri ikamaliza. Nikafungua programu mpya. Rangi zote zilikuwepo, viboksi vimejipanga, vinang'aa. Chini ya kila kiboksi palikuwa na nafasi ya jina, na nafasi zote zilikuwa tupu.

Toleo la kwanza halikuwa na mahali pa kuweka majina. Miaka yote yalikaa kwenye faili la pembeni, na amri yangu haikuambiwa iliangalie. Rangi zikahama, majina yakabaki nyumba ya zamani.

Majina yalikuwa yake. Mama mdogo hakuwahi kuita rangi kwa namba. Alikuwa na Chai ya Mgonjwa, Jino la Babu, Kisigino cha Mwashi, Mvua Imeghairi. Hata meneja mmoja wa hoteli, mtu mzima na tai yake, alisimama mlangoni kwetu akasema bila aibu kwamba anataka mapazia ya Kisigino cha Mwashi.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Majina hayajaja."

Mkono wake ukaachia kiti.

Nilikuwa nimeshajua siri yake. Kuna asubuhi alikuja kazini na kandambili moja ya bluu, nyingine ya kijani. Nikamwambia, "Mama mdogo, leo miguu imegombana?" Akatazama chini, akacheka, ila kicheko kilichelewa kufika. Kuanzia hapo nikawa namtupia jicho. Alikuwa haangalii rangi tena. Alisogeza uso kwenye kioo cha kompyuta, akasoma jina, akasema, "Hiyo hapo." Mtoto wa jicho alikuwa ameimwagia dunia yake nzima chai ya rangi. Sikumwambia mtu. Niliongeza tu ukubwa wa maandishi kwenye kompyuta yake, naye akaniletea karanga bila kusema ni za nini.

Alichokiogopa nilikifahamu. Mjomba si mtu mbaya. Lakini fundi wetu wa fremu za kuchapia alipoanza kutetemeka mkono, mjomba alimwita ofisini, akamsifu mpaka yule mzee akalengwalengwa na machozi, akamkabidhi saa ya ukutani, akamwambia akapumzike nyumbani. Mama mdogo alikuwa mjane, na wanawe wako mbali. Nyumbani kwake ni pale kiwandani, kati ya makopo ya rangi.

"Mimi saa ya ukutani ninayo," aliniambia jioni mzee yule alipoondoka. Tukaishia hapo.

Mjomba akaingia, kipande cha kitambaa begani kama mhudumu wa hoteli.

"Haya, mashine imekula? Mdogo wangu, niwekee bluu ya zile sare, tuijaribu."

Mama mdogo akaketi. Akashika kipanya. Kishale kikatembea juu ya viboksi, kikasimama kwenye kijani, kikaondoka, kikarudi kwenye kijani.

"Unanitania?"

"Majina hayapo, kaka."

"Majina ya nini? Bluu si unaiona?"

Nikafungua mdomo nitupe mzaha, maana ndiyo kazi yangu ya pili pale. Mama mdogo akaniwahi.

"Siioni," akasema. "Siioni, kaka. Tangu mwaka jana."

Mjomba akashusha kitambaa begani. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mdogo wangu," akaanza kwa ile sauti ya ofisini, "umefanya kazi nzuri sana, miaka yote hii hakuna aliye—"

"Usinisifu."

"Nasema tu kwamba—"

"Kaka, nakuomba. Usinisifu."

Mjomba akamtazama dada yake, kisha kioo, kisha dada yake. Akavuta ndoo tupu, akaipindua, akaikalia kando yake, magoti yakampanda hadi kifuani.

"Haya. Hii ya kwanza ni bluu."

"Bluu gani?"

"Bluu ya kawaida."

"Andika," mama mdogo akaniambia. Nikaandika.

"Ya pili?"

"Bluu nyingine."

"Kaka!"

"Sasa nisemeje? Ni bluu, ila imevaa koti."

"Andika."

Lile faili la pembeni lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote. Neno moja la ziada kwenye amri, na majina yote yangerudi kabla mjomba hajameza mate. Niliwatazama wale wawili, mabega yamegusana, wanabishana kama bluu inaweza kuwa na usingizi, nikaendelea kuandika nilichoambiwa.

Katikati ya safu ya tatu mjomba akasogeza uso kwenye kioo.

"Hii," akasema, "ni mlango wa chumba cha mama yetu. Kabla haujapakwa upya."

Mama mdogo akamgeukia. "Mlango ule unaukumbuka wewe?"

"Niliegemea pale akiumwa. Nitausahauje?"

Nikaandika: Mlango wa Mama. Hakuna aliyeniambia niandike.

Chai ilipoletwa, mjomba akainuka, kiuno kinamlalamikia. "Kesho uwahi. Za kijani hatujazigusa. Na Jumatatu nakupeleka kwa daktari wa macho, usinibishie."

Madaktari walimpasua jicho moja, baadaye la pili. Siku aliyorudi aliketi mbele ya kioo, akasoma majina ya kaka yake moja baada ya jingine, akicheka hadi akashika mbavu. "Bluu Yenye Koti! Yule wa hoteli ataagizaje hii?" Akafika safu ya tatu. Kicheko kikakatika.

"Hapana," akasema taratibu. "Hii ni bluu. Mlango wa mama ulikuwa wa kijani."

Nikamwambia faili la zamani lipo, naweza kumrudishia majina yake yote sasa hivi. Upande wa pili wa kiwanda mjomba alikuwa anaifokea mashine, naye mama mdogo akawa anamtazama, kwa macho yake mapya, shati lake na mvi zake.

"Yaache haya ya kaka," akasema. Akavaa glavu, akavuta kopo la bluu.