Pipa la Abu Nayef

Alasiri moja mjini Jeddah, jikoni kwenye nyumba ya kupanga ya mtaa wa Al-Baghdadiyah, Onesmus alikaa kwenye stuli akisubiri kuona kama atakufa. Ilikuwa sehemu ya kazi yake ya udereva. Pombe ni marufuku nchini, na ile inayoingia kwa mlango wa nyuma mara nyingine huwa na sumu ya kupofusha macho, kwa hiyo bosi wake, Abu Nayef, hakuitia mdomoni kabla dereva hajaonja na kukaa kitako muda wa kutosha akiwa hai. Roseline, mfanyakazi wa nyumba, aliendelea kukaanga sambusa. Alikuwa ameweka ndoo karibu, maana dereva wa kabla ya huyu alitapika sana siku aliyofariki.

"Taa unaiona?" Abu Nayef aliuliza akiwa mlangoni.

"Naiona, bosi."

"Tamam. Na ladha?"

Onesmus alitoka Kenya akiwa hajawahi kuonja hata bia, kwa kuwa kanisani kwao pombe haitajwi hata kwa utani. Sasa alikuwa anajua mambo. Hii ilikuwa wiski ya Uskoti, ya shayiri tupu, iliyokomazwa kwenye pipa lililowahi kuhifadhi sheri, ule mvinyo wa Wahispania. Huko inakotoka si ghali. Abu Nayef alikuwa na mkono wa birika, na alitaka raha za kitajiri kwa bei ya duka la pembeni.

"Zabibu kavu," Onesmus alisema. "Ganda la chungwa. Karafuu kidogo. Halafu inakwaruza koo, ni kama haijaiva."

"Haijaiva," bosi alikubali. "Haya, maliza chupa."

Akamaliza, wala hakulewa. Pombe ilishuka ikatulia kifuani, chini ya mbavu, na hapo ikakaa. Mambo yalijulikana mwaka uliopita, alipojikata kidole kwa mkebe wa nyanya ikatoka wiski mahali pa damu. Abu Nayef aliramba tone, akavuta kiti, akaramba jingine. Ilikuwa imelainika, ina asali na mbao kuukuu. Tangu hapo chupa hazikusafirishwa tena kwenda Riyadh kwa wageni wake. Alisafiri Onesmus.

Lakini pombe haikomai bure. Muda inaoutaka lazima iutoe mahali, na ilikuwa ikiutoa kwake. Kila safari alifika Riyadh akiwa amezeeka miaka kadhaa: mara meno mawili, mara goti, mara sikio la kulia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na alipanda ngazi kwa kushika ukuta.

"Onesmus, mwambie akusainie ile karatasi ya exit uende kwenu," Roseline alimnong'oneza bosi alipotoka. "Contract yako si iliisha? Hii safari ingine itakumaliza, nakuambia ukweli."

"Nikifika Riyadh nitamwambia."

"Umwambie, usiogope."

Alikuwa anaogopa. Aliogopa njia nzima, usiku kucha mpaka asubuhi, jangwa likipita pande zote mbili, Abu Nayef akikoroma kiti cha nyuma. Kila alipokanyaga breki, alisikia wiski ikicheza kifuani. Kwenye kizuizi cha polisi karibu na Riyadh mikono ilimtoka jasho mpaka usukani ukawa unateleza, na jasho lenyewe lilinukia zabibu. Alijua kwamba wakimkamata, atakayefungwa ni yeye. Askari aliiangalia ikama, kile kibali cha kuishi nchini, akamwangalia mwenye ikama: picha ya kijana, uso wa babu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kazi nyingi," Abu Nayef alisema kutoka nyuma.

Askari alitikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa amewaona wengi wa namna hiyo. Akamrudishia ikama, akamwambia mzee aendeshe polepole.

Wageni walikuwa tayari kwenye ghala la mtaa wa Al-Sulay, nyuma ya maboksi ya vigae, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Onesmus alinyoosha kidole. Abu Nayef alikiminya taratibu, akawajazia wageni. Mmoja alifumba macho akasema anasikia tende. Mwingine akasema hii ni ya miaka ishirini, hawezi kudanganywa. Onesmus, mwenye miaka yenyewe, alisimama katikati yao.

"Bosi," alisema, "naomba unisainie exit. Nataka kurudi nyumbani."

Abu Nayef hakukasirika. Alimshika bega kwa upole, kama mtu anayepapasa samani nzuri.

"Onesmus, nani anauza pipa likishazoea kazi? Safari mbili tatu, kisha halas."

Safari mbili tatu zingemfikisha kaburini, na hakuna mle ndani asiyelijua hilo.

Alitoka nje kwenye jua, akampigia mkewe Rosebellah kwa simu ya video. Alikuwa amepanga kumweleza kila kitu, ili aende Nairobi akapige kelele kwenye ofisi zinazohusika. Miezi mingi alikuwa akimtumia ujumbe tu, akisingizia kamera mbovu. Uso wa Rosebellah ukatokea, mzuri vilevile. Mkewe alimwona, akaweka kitambaa cha kichwa vizuri, akainamisha macho kwa adabu.

"Habari yako, mzee. Samahani, naomba kuongea na mwenye simu. Onesmus."

Onesmus aliisogeza simu karibu na uso. Watoto walikuwa wanasukumana nyuma ya mama yao, wapate kuona.

"Ameenda kazi," alisema.

"Sawa. Mwambie watoto wamefunga shule, wanamngojea tu."

"Nitamwambia."

"Asante, baba. Mungu akuongezee miaka."

Simu ikakatika. Ndani ya ghala Abu Nayef alikuwa anaita yalla, yalla, kwa kuwa vikombe vilikuwa vitupu, na Onesmus akaingia.