Sahihi ya Nne

Saa nane kamili mchana, Émilienne alisimama mbele ya viti sita vitupu akasema, "Kikao kimefunguliwa."

Sauti iligonga ukuta wa ukumbi wa parokia, ikarudi imepungua. Kanuni za Umoja wa Wakunga wa Kusini zilisema mwenyekiti atafungua kikao kwa saa iliyotangazwa. Hazikusema lolote kuhusu idadi ya masikio. Basi akaketi, akafungua daftari, akaandika tarehe. Mahali pa waliohudhuria akaandika jina lake. Kisha akabaki kalamu mkononi, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuongea.

Firmin, mzee anayetunza ukumbi, alikuwa akifagia kule nyuma. Aliegemea ufagio.

"Mama Émilienne, uko unaongea na nani?"

"Na kikundi."

Firmin alivitazama viti kimoja kimoja, kwa heshima. "Basi nitafagia polepole," akasema.

Kikundi hicho cha kazi kilikuwa kimetimiza miezi kumi na minne. Walianza saba, wote wakunga wa Likasi na kandokando yake, wote wa kujitolea. Kazi yao ilikuwa moja: kuandika karatasi ya ukurasa mmoja ya kubandikwa ukutani katika vyumba vya kuzalishia, yenye hatua za kufuata mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Émilienne alichaguliwa kuongoza kwa kuwa alikuwa na miaka thelathini na mmoja kazini, na kwa kuwa wenzake wote siku ile waliinamisha macho. Alikubali. Mwaka huo ndio aliomzika mumewe Georges, na nyumba yao ya mtaa wa Panda ilikuwa imebaki na yeye na saa ya ukutani. Watoto walikuwa Lubumbashi na Kolwezi. Walipiga simu Jumapili baada ya misa, wakauliza kama anakula vizuri. Jumamosi ya kikao ilikuwa siku pekee katika mwezi aliyoipigia kitenge pasi tangu jana yake.

Kisha mmoja wao alihamishiwa Kakanda. Wa pili akapata mapacha, wa tatu akaacha kujibu simu. Sylvie na Simone walikuwa wametia sahihi karatasi hiyo wiki hiyo majumbani kwao, Sylvie akiwa mlangoni, viatu vya harusi mkononi. Hakuna aliyesoma. Pamoja na ya Émilienne, sahihi zilikuwa tatu. Kanuni zilitaka nne ili karatasi ipitishwe, na Jumatatu asubuhi Hortense, katibu wa Umoja kule Lubumbashi, angepeleka kitabu cha miongozo yote kuchapwa.

Saa nane na dakika ishirini Émilienne alikifunga kikao, akamuaga Firmin, akapanda pikipiki kwenda kuitafuta ya nne kwa Viviane.

Viviane alikuwa mkunga wa kituo kidogo cha afya nje ya mji, upande wa machimbo ya chokaa. Huko vumbi jeupe lilikuwa limelala juu ya majani na mabati, hata migomba ilionekana kuzeeka. Alikuwa amekosa vikao vitatu mfululizo bila kusema neno. Njiani Émilienne alipanga maneno ya kumwambia, kuhusu ahadi, kuhusu mtu kujitolea kisha akajirudisha nyuma.

Alimkuta uani akisugua mpira wa kitanda cha kuzalia.

"Karibu, Maman Présidente." Viviane hakutabasamu wala hakukunja uso. Alimletea kiti, akanawa, akakausha mikono, akanyoosha mmoja. "Leta karatasi. Nitasaini."

"Soma kwanza."

"Naijua. Hatua ya kwanza, ita musaada. Hatua ya pili, choma sindano ya oksitosini, tumbo likaze." Akaichukua kalamu. "Nisaini wapi?"

Mkunga hujifunza mapema kumwogopa mama aliyenyamaza kuliko yule anayelia. Émilienne aliyasahau maneno yote ya njiani.

"Viviane. Kulitokea nini?"

Viviane aliitazama kalamu.

"Kulikuwa mama moja, Noëlla. Mwezi wa tatu. Alizaa muzuri, asubui, mutoto akalia. Kisha damu. Minye nilikuwa nimebandika karatasi yetu, ile ya kujaribisha, njo nikaifuata. Nikachoma dawa. Nikangoja tumbo likaze. Halikukaza. Nikachoma tena. Ilikuwa kama kuchoma maji. Vidonge vya kuzuia damu vilikuwa mu kabati. Ile vidonge haviogopi joto. Lakini karatasi iliviweka hatua ya tano. Wakati nilifika hatua ya tano, mama alikuwa ameisha kwenda."

"Dawa ilikuwa mu frigo, mu baridi?"

"Frigo ilikufa tangu Novemba. Nilisema mu kikao."

Émilienne alilitoa daftari mkobani. Hakuwa na haja. Siku hiyo aliikumbuka. Ilikuwa Januari, mvua ilikuwa ikikusanyika, watu walishakamata mikoba. Viviane aliinua mkono kuhusu dawa inayolala kwenye joto na kupoteza nguvu, naye akamjibu kwamba hayo ni mambo ya vifaa, watayarudia. Sasa aliupata ukurasa. Kwa mwandiko wake mwenyewe, ulionyooka, palikuwa pameandikwa: *Hatua ya pili: hakuna maoni.*

Aliyasoma kwa sauti, ili Viviane asikie.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikusikia, na sikuandika."

"Na minye sikusema tena. Ningesema mara ya pili."

Ng'ambo ya ukuta lori lilipita na mawe yake, na vumbi likaja polepole likawakalia wote wawili.

"Mutoto?" Émilienne aliuliza mwishowe.

"Iko. Bibi yake anamuleta kupima kilo. Ananishukuru. Kila mwezi ananishukuru, mama."

Émilienne alinyoosha mkono, akaichukua kalamu katika vidole vya Viviane, akaifunika. Kisha akampigia simu Hortense, pale pale uani, asije akajipa muda wa kufikiri.

"Imebaki sahihi ngapi?" aliuliza Hortense.

"Moja. Iko hapa mbele yangu. Siitaki. Karatasi iko na kosa, na kosa ni langu. Tunaomba miezi miwili."

Hortense hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vikundi kumi na moja. "Mama, comité ya Umoja haitaongeza muda. Kitabu kitatoka bila karatasi yenu, na kikundi kitafungwa mwisho wa mwezi. Unataka niandike sababu gani?"

"Andika mwenyekiti hakusikiliza."

"Siwezi kuandika vile." Karatasi zilichakacha upande wa pili. "Nitaandika haikukamilika. Asante kwa kujitolea, mama."

Simu ilikatika. Émilienne aliishika bado sikioni. Alifikiri kwamba sasa Jumamosi nazo zitafanana na siku nyingine, kwamba jioni hii ataingia Panda bila mtu wa kumsimulia: si aibu yake, si hata lile lori. Georges angemuuliza, "Na wenzako walisema nini?" Siku zote aliuliza hivyo.

"Sasa?" alisema Viviane.

"Sasa nionyeshe. Unazalisha wapi, dawa iko wapi, unasimama wapi. Tuandike ya hapa."

Chumba cha kuzalishia kilikuwa kidogo, kimesuguliwa mpaka saruji inang'aa. Kutoka kitandani hadi kabatini zilikuwa hatua sita. Viviane alijaribu kuonyesha namna ya kukanda tumbo kwa mkono mmoja huku akifikia vidonge kwa mwingine, lakini alikuwa akikanda hewa, na hesabu ya dakika ikawapotea mara mbili.

"Inafaa muntu alale," akasema.

Émilienne alivua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akapanda. Maelfu ya wanawake aliwalaza juu ya vitanda kama hiki. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitazama dari la chumba cha uzazi tangu alipomzaa kitinda mimba wake Dan, miaka ishirini na tisa iliyopita. Mpira ulikuwa baridi na bado na unyevu.

"Naweza?" aliuliza Viviane.

Mkono ukashuka chini ya kitovu chake, mzito, wenye joto, ukaanza kukanda kwa duara. Tangu mazishi, watu walikuwa wamempa vidole tu, kwa salamu. Émilienne alitaka kusema kwamba kabati lisogezwe kichwani, kwamba vidonge viwe hatua ya pili, na daftari lilikuwa karibu. Hakusema.

"Dakika moja," Viviane alihesabu.

Nje mtu alikuwa akimwita kuku.

"Dakika mbili. Uko unasikia maumivu, mama?"

"Hapana," alisema Émilienne, macho darini. "Hesabu tu. Usitoe mkono."