Pedeli ya Kushoto

Mtu anayebeba meno ya watu mgongoni utamwita nini kingine? Walimwita Meno. Makatibu wa zahanati, wauza magazeti wa njia panda, hata mkubwa wake wa kazi, kwa wote alikuwa Meno tu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mji mzima, kutoka kwa daktari huyu wa meno hadi yule, akikusanya nakala za plasta za vinywa vya wagonjwa na kuzipeleka kwenye karakana inayotengeneza meno ya bandia. Meno yakiwa tayari aliyarudisha, kila seti ndani ya kisanduku chake chenye pamba. Hakuwahi kuvunja hata jino moja. Hilo alilisema mara nyingi mno, tena bila kuulizwa.

Baiskeli yake nayo ilikuwa na kichwa kigumu kama mwenyewe. Haikuwa na friwili. Asiyeijua baiskeli ya namna hiyo aelezwe mapema: gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli zinazunguka nalo, upende usipende. Hakuna kuteremka mlima umepumzisha miguu unapiga mluzi. Ukitaka kupunguza mwendo unazikatalia pedeli kwa miguu, na ile breki moja ya mbele iko pale kuwatuliza roho wanaokutazama. Watu walimwambia anachezea shilingi chooni. Yeye akawajibu kwamba wao wamekalia baiskeli tu, yeye yake anaongea nayo. Kokoto, lami yenye maji, cheni iliyolegea, vyote alivipata kwa nyayo kabla macho hayajaona.

Ndiyo maana balaa lilipomjia lilimjia mahali pabaya kuliko pote. Mguu wa kushoto ulikufa ganzi.

Sukari alikuwa nayo miaka mingi na haikuwa siri, vidonge vilikaa kabatini karibu na kopo la chumvi. Siri ilikuwa mguu. Ulianza kwa kuwashawasha vidoleni, ukaja kuwa kama soksi isiyovulika, halafu jioni moja alivua kiatu akakuta ndani yake kijiwe, kijiwe cha kumtoa mtu machozi, alichokuwa ametembea nacho tangu asubuhi. Akakitupa dirishani, akajitia hamnazo. Hakumwambia mkewe. Wala hakumwambia muuguzi wa kliniki aliyemuuliza kila safari, "Na miguu je?" Miguu salama dada, alijibu, si ndiyo hii imenileta.

Mjinga? Mjinga, ndiyo. Lakini mama yake alikwenda hospitali na kidole kimoja cheusi. Wakakata kidole. Wakakata nusu ya wayo. Wakakata chini ya goti, halafu juu yake, na kila mara walisema sasa basi, hadi familia ikamzika. Siku ya mazishi Meno alilibeba jeneza upande wa miguu, akaliona jepesi. Tangu siku hiyo, kwake yeye hospitali na kisu vikawa kitu kimoja.

Asubuhi moja ya mvua, kwenye makutano yenye taa, alizikatalia pedeli kama kawaida. Mguu wa kulia ukakataa. Wa kushoto haukuwepo. Ulikuwa umeshateleza kwenye mpira wa pedeli bila kumpa taarifa, na kwa kuwa pedeli ile haimsubiri mtu, ilizunguka ikamchana muundi. Alivuka taa nyekundu katikati ya lori na basi, roho mkononi, akaenda kuishia kwenye ukuta wa benki. Meno ya watu yalikuwa salama. Nyumbani alisema ameteleza kwenye ngazi za zahanati, na mkewe akamfunga kitambaa.

Dawa ya hili, alijiambia, ni pedeli mpya. Mguu mzima, pedeli mbovu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Fundi wake wa baiskeli alikuwa mama mmoja mjane, aliyerithi chumba na spana za marehemu mumewe, kisha akampita marehemu kwa ufundi na kwa ulimi. Mama Spoki. Chumba chake kilikuwa chembamba, magurudumu yamening'inia juu, na ukisimama vibaya usukani wa mtu unakuchoma mbavu.

"Nataka pedeli za kila siku," Meno akasema. "Za mvua na za jua. Zisizoteleza."

"Hizi zimekukosea nini?"

"Zimechoka."

Mama Spoki akazipapasa kwa kidole gumba. Hazikuwa zimechoka, ila hakubishana. Akatandika gunia sakafuni akapanga bidhaa.

"Hii ya chuma ina vimisumari, inakushika kiatu kwa chini. Kwa soli yako hiyo ya karatasi vitakuingia mpaka mfupani. Hii pana ya mpira ni ya watu wazima wenye akili zao, ambao leo sijawaona hapa. Na hii ina kikapu mbele na mkanda juu. Unaingiza ncha ya kiatu, unavuta mkanda, mguu hauendi popote. Ukianguka, mnaanguka wote."

"Nipe hiyo."

"Hujaijaribu, kaka."

Mama Spoki hakuuza pedeli kama mtu anayeuza nyanya. Ilikuwa lazima mnunuzi apande baiskeli iliyoinuliwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma likizunguka hewani, afumbe macho, aseme mwenyewe mguu unapata nini. Alisema macho ya mnunuzi hupenda kinachong'aa, nyayo hazina tamaa hiyo. Watu walimcheka, lakini walirudi.

Basi Meno akapanda, akafumba. Mama Spoki akaufunga mkanda wa kulia.

"Unasikia?"

"Taratibu mama, unanibana."

Akaulegeza kidogo. Akahamia kushoto. Akavuta, na kile kidude cha chuma cha kushikia mkanda kikalia, krr.

"Unasikia?"

"Nasikia," akajibu Meno.

Wala hakusema uongo. Alisikia, kwa masikio yake mawili, kile chuma kikilia. Lugha yetu hii nayo ina nafasi zake: neno moja tunalitumia kwa sikio na kwa ngozi, na mtu mwenye la kuficha anaingia humo na kukaa kwa raha. Mama Spoki alikuwa anaulizia ngozi. Akavuta tena. Krr.

"Na sasa?"

"Nasikia. Iko vizuri."

Mama Spoki akachukua koleo, akaushika mkanda kwa ncha yake, akavuta kwa nguvu za mkono mzima mpaka kiatu kikakunjika katikati kama bahasha.

"Imekaza?"

"Kiasi," Meno akasema, na akatabasamu ili aonekane mtu wa kuridhika.

"Fumbua macho."

Akafumbua. Akaona koleo, akaona kiatu chake kilivyobanwa, akamwona yule mama amemtazama bila utani wowote. Mama Spoki akalegeza mkanda, akautoa mguu wake polepole kwa mikono miwili, akauweka chini.

"Tangu lini?"

"Nini tangu lini?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Una sukari wewe, nakujua. Mkeo anajua?"

Meno akatazama magurudumu ya juu.

"Nikufungie friwili na breki ya nyuma," Mama Spoki akasema. "Na hizi pana za mpira. Uende mdogo mdogo, na leo hii uende ukaangaliwe. Mkanda sikufungii. Mkanda ni wa mtu atakayelia ukimbana."

"Friwili ni ya watoto."

"Basi kuwa mtoto. Watoto wana miguu."

"Maduka mengine yapo, mama."

"Yapo. Hata sumu inauzwa."

Aliondoka amenuna kweli kweli, kana kwamba ni yule mama aliyemtia ganzi. Duka jingine lilikuwa na vioo na feni, na muuzaji wake hakuuliza kitu isipokuwa anapenda mkanda mweusi au mwekundu. Meno akachagua mweusi. Akazifunga mwenyewe uani kwake, ya kulia kwa kukazia kulia, ya kushoto kwa kukazia kushoto, kama pedeli zinavyotaka. Mkanda wa kulia aliuacha pale ulipoanza kumuuma. Wa kushoto haukuuma, kwa hiyo akauvuta mpaka ukakataa.

Na ubaya wenyewe ni kwamba ilifaa. Mguu ulikaa. Mvua ikanyesha, mguu ukakaa, akateremka ule mlima wa sokoni akizikatalia pedeli kwa miguu yote miwili, na makatibu wa zahanati wakamwuliza Meno leo umeoa tena, maana alikuwa anaimba. Alifurahi mtu yule. Alijiona amekipiga kisu chenga.

Siku za mwanzo alikuwa akijifungia chooni jioni kuukagua mguu. Aliona mstari mwekundu kando ya kidole kidogo, akasema ni kiatu. Kesho yake ulikuwa malengelenge, akasema yatakauka. Baadaye akaacha kukagua. Akawa analala na soksi na kusema ana baridi. Ilipokuja harufu alinunua poda ya viatu, akailaumu mvua.

Kisha siku moja mchana akaingia kwa daktari mmoja wa meno, kisanduku mkononi, akakabidhi, akawa anasubiri sahihi. Katibu akainamia meza yake kutazama sakafu.

"Meno, umekanyaga rangi wapi?"

Akageuka. Kutoka mlangoni mpaka pale alipo, juu ya vigae vyeupe, alama za kiatu cha kushoto zilikuwa zimejipanga, nyeusi na zenye majimaji. Ya kulia haikuwepo hata moja. Wagonjwa waliokuwa wamekaa kwenye benchi walinyanyua miguu yao juu. Alitamani ardhi ipasuke. Alichosema ni kwamba ataomba tambara, apafute mwenyewe.

Hospitali waliikata soksi kwa mkasi, ilikuwa imegandana na nyama. Mkanda ulikuwa umekula upande wa kidole kidogo mpaka mfupa, na weusi ulikuwa umeshapanda juu ya kifundo. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimwambia kwamba angekuja mwanzoni wangesafisha na kufunga bandeji, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sasa ni chini ya goti, na ni leo, au hatafika wiki ijayo. Meno hakuruka dirishani. Aliuliza atawezaje kupeleka meno, na daktari, ambaye hakujua habari za meno yoyote, akadhani ameanza kuweweseka.

Wakakata.

Mkewe alikuja na uji kwenye chupa, akamsaidia kukaa, akamlisha. Wodi ilikuwa na joto, mapazia yamefungwa kwa fundo ili hewa ipite. Meno alikuwa amejipanga siku nzima kwa maneno aliyotaka kusema, akayasema yote kwa mkupuo, kijiwe, makutano, Mama Spoki, mkanda, akamalizia na nisamehe mke wangu, nilikuficha.

"Hukunificha," mkewe akasema.

"Fundi amekwambia?"

"Fundi namjulia wapi? Siku moja ulikuwa unaosha miguu. Nilimimina kwenye beseni maji yanayochemka, nikageuka kuchukua ya baridi nichanganye. Nageuka hivi, umeshautia mguu, unanihadithia habari za makatibu wako, unacheka. Nikamwaga ya baridi haraka haraka. Ngozi ilikuwa imeiva."

"Lini hiyo?"

"Hata mvua zilikuwa bado."

Meno akahesabu kichwani mwake. Kabla ya makutano, kabla ya pedeli.

"Na hukusema kitu."

"Tulipotoka makaburini, siku ya mama, ulinishika mkono ukaniambia wakitaka kukukata na wewe utajilaza relini. Ulisema umekunja uso, si kwa utani. Mimi nikaona nikikutajia mguu nimekuua. Nikasema atasema mwenyewe, nimpe muda. Ukilala nilikuwa nakubonyeza kidole nione kama utashtuka. Kila siku, baba watoto. Nikawa nasema labda kesho atashtuka."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Neno alikuwa nalo tayari mdomoni, kwamba basi ni wewe uliyenikata. Akamtazama ili amtupie. Akaona na yeye analo lake, la namna hiyo hiyo, amelibana mdomoni. Wakabaki hivyo, kila mmoja na lake, mpaka la kila mmoja likapoa.

Mkewe akafunika chupa ya uji. Akaliinua shuka lililoteleza, akaanza kumfunika mguu wa kulia, akaukunjia shuka chini ya kisigino kama mtoto. Meno alikuwa ameelekeza uso dirishani, ambako mtu alikuwa anafagia uwanja. Mkono wa mkewe ukatulia juu ya vidole. Ukakaa hapo muda mrefu.

"Baba watoto," akasema. "Safari hii nasema. Nimekubonyeza kwa ukucha."

"Wapi?" Meno akauliza.

Mkewe akauondoa mkono, akasimama, akaenda kumwita muuguzi.