Watu Hawahesabiwi

Kambi ya mgodi ilikuwa na lango moja, na askari wa langoni alimjua kila mwanamke kwa namba ya mumewe. Adolphine hakuota tena kutoka. Alitaka jambo moja tu: Bijou, bintiye wa miaka minne, abaki naye nyumbani.

Mwaka ule wa 1952, Madamu wa kambi, Mzungu aliyetumwa na kampuni kukagua familia, alipita nyumba kwa nyumba na karatasi zake. Mtoto aliyeonekana hafundishwi kitu nyumbani alipelekwa kwa masista, asubuhi hadi jioni, na mama hakuulizwa. Mtoto wa jirani yake Virginie alichukuliwa mwezi uliopita.

"Yangu banamufundisha kunyamaza," Virginie alisema kutoka upande wa pili wa ukuta. "Ya kwako atabashinda. Iko na mudomo kama redio!"

Adolphine alicheka bila raha. Yeye hakuwa na ubao wala chaki. Alikuwa na kazi za nyumbani. Asubuhi yeye na Bijou walipanga samaki wakavu wa Pweto: mkubwa, wa kati, mdogo. Wakichambua maharage, Bijou alihesabu mawe aliyoyatoa. Kabla ya kula alipanga sahani chini, akizihesabu moja moja, na hakukosea hata siku moja.

Madamu alifika Alhamisi. Hakukaa, wala samaki hakuwatazama. Alielekeza kalamu mkekani, walipokaa watoto wote wa nyumba ile: Stanislas, Edith, Bijou, na Donat wa miezi miwili.

"Wewe, hesabu batoto ya hapa. Iko ngapi?"

Bijou alitikisa kichwa. "Bantu habahesabiwe, Madamu. Nkambo alisema."

Ndivyo bibi yake alivyomfunza, kama Adolphine naye alivyofunzwa: ukihesabu watoto, kifo kinasikia, kinakuja kuchukua mmoja.

"Muache ahesabu sahani, Madamu," Adolphine alisihi. "Sahani anaweza mupaka kumi."

"Sikuuliza sahani."

Kalamu ikagusa karatasi. Adolphine aliona chumba kinambana, ukuta huku, ukuta kule, na Madamu mlangoni.

"Hesabu, mama," alimwambia bintiye. "Hesabu tu."

Bijou akanyoosha kidole. "Moja," kwa Stanislas. "Mbili," kwa Edith. Akajigusa kifua: "Tatu." Kidole kikamkaribia Donat, kikasita, kikarudi. Akauficha mkono mgongoni.

"Tatu," alisema tena, kwa sauti.

"Iko bane," alisema Madamu akiandika. "Hajui."

Adolphine alijua kwamba mtoto anajua. Neno moja lingetosha: Bijou, na mdogo wako? Angesema "ine", nne kamili, na angebaki. Adolphine akamtazama Donat, amelala, ngumi amezikunja. Akamfunika kwa kanga, akamwacha bila kuhesabiwa.

"Jumatatu, saa kumi na mbili ya asubuhi," Madamu alisema. "Nguo safi."

Bijou alisubiri hadi viatu vya Madamu vilipofika barabarani.

"Mama, nimehesabu muzuri?"

"Muzuri sana."

Adolphine alitoa gauni la Jumapili sandukuni, akamvalisha. Kisha akavishika vidole vile vidogo, akaviweka kwenye kifungo cha kwanza.

"Sukuma. Vuta huku. Hapana, usiniangalie mimi. Jumatatu utafunga peke yako."