Anayeongoza Hapitwi

Walinitundika kwenye bango bila kuniuliza. Nilikuwa natoka zangu kutembea asubuhi, jasho halijakauka, nikalikuta limefungwa kwenye uzio wa uwanja wetu hapa Nengo. Kushoto nilikuwa mimi wa zamani, kwenye harusi ya wifi yangu Kampire, nimejaa ndani ya mushanana, vazi letu la sherehe, mpaka kitambaa kinaomba msaada. Kulia nilikuwa mimi wa sasa. Chini wameandika kwa herufi kubwa: KIKUNDI CHA MICHEZO NENGO, KAZI YETU MNAIONA.

Kazi yenu! Damu ilinichemka pale pale.

Mwenyekiti wa kikundi hicho ni mume wangu, Gasana. Alikuwa mwanajeshi. Jeshini alitoka, lakini filimbi hakuiacha. Kila Jumapili anawakimbiza watu wawili wawili, wakiimba, kushuka mpaka barabara ya ziwani, kisha kupanda tena mlima. Anayebaki nyuma anarukishwa kichura mbele ya wenzake. Wakimaliza wanakwenda kula brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, na viazi vya kukaanga, na bia zile chupa kubwa, halafu wanashangaa mbona matumbo yako palepale.

Na mimi niliwahi kuwa mmoja wao. Mama yangu alikufa kwa sukari, alikuwa ameshakatwa mguu, na daktari alinieleza waziwazi kwamba na mimi nilikuwa nafuata njia hiyo hiyo. Kwa woga nikaanza kukimbia juu ya lami na uzito wangu wote ule. Nikapungua kidogo, nikajisifu. Jumapili moja pumzi ikanikatikia mlimani, na mume wangu mwenyewe, baba wa mwanangu, akanirukisha kichura. Goti la kulia likalia. Nilikaa kitini miezi kadhaa, na uzito uliokuwa umeondoka ukarudi na wenzake.

Aliyeniinua ni Akaliza, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitalini. Alinipa mambo yasiyo na sifa yoyote. Nitembee kwenye tambarare, mwendo wa kuniwezesha kuongea lakini si kuimba. Niinuke na kukaa kwenye kiti, taratibu, mapaja yapate nguvu. Nitembee ndani ya ziwa, maji yakifika kifuani, yanibebee uzito. Sahani yangu ijae dodo, yaani mchicha, na kabichi kabla viazi havijapata nafasi. Na nilipoanza kupungua na kumletea shangwe zangu, akanikata kauli.

"Kupungua ni mwanzo tu, mama. Kazi ni kubaki hapo utakapofika, na kazi hiyo haina likizo. Ukilikimbiza tena goti hilo utarudi kitini, na ukirudi kitini unajua kitakachofuata."

Nilijua. Nilimwona mama yangu akiifuata njia hiyo.

Basi nikaenda kumtafuta Gasana pale uwanjani.

"Baba Sano, hili bango ni nini?"

"Jumapili tuna wageni, timu nzima kutoka Goma," akasema, anacheka kwa raha. "Wewe utaongoza. Nataka wakuone."

"Sikimbii. Goti langu unalijua."

"Mara moja tu, mama Sano. Usiniaibishe mbele ya watu."

"Nakuambia Akaliza alisema..."

Kumbe bango lilikuwa limepinda upande mmoja. Akaweka filimbi mdomoni akawapigia waliokuwa wanavuta kamba zake, na maneno yangu yakaishia hapo.

Jumapili wageni wakafika na jezi zao za njano, wakiongozwa na mzee mmoja mcheshi anayeitwa Papa Derek. Gasana akawasomea sheria za kikundi kwa sauti ya gwaride. Tunakwenda wawili wawili. Tunaimba. Na anayeongoza hapitwi: akienda hivi, wote mnakwenda hivi, atakayempita ataruka kichura mpaka aombe radhi. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, kwa sababu zamani vijana walikuwa wakichomoka mbele kushindana na kuvunja mstari.

Nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu nikiwa na nia ya kurudi nyumbani. Niliposikia sheria ile, nikasogea mbele nikasimama.

Filimbi ikalia. Nikatembea.

Sikujivuta, nilitembea mwendo wangu wa kila siku, mikono ikifanya kazi. Nyuma yangu wimbo wa kukimbia ukaanza, ukakatika kwenye ubeti wa kwanza kwa sababu miguu haikuufuata. Watu wakagongana visigino.

"Mama Sano, mwendo!" Gasana akaita.

"Mwendo ndio huu!"

Kijana mmoja mwenye miguu mirefu akajaribu kunipita. Liliane, aliyekuwa katikati ya mstari, akapiga kelele: "Eeh, we! Mwenye kuongoza hapitwe! Ruka kichura!" Liliane ni mwanamke mnene anayevuka mpaka kwenda Goma kila siku na beseni la nyanya kichwani, na Jumapili hizi zote yeye ndiye aliyekuwa anarukishwa. Watu wakacheka, kijana akarudi mstarini.

Barabara ya ziwani wachuuzi walisimama kutushangaa, timu mbili nzima na jezi zao, zinatembea. Gasana alikimbia kwenda na kurudi pembeni ya mstari, mishipa ya shingo imemtoka. Angefanya nini? Kuivunja sheria yake mwenyewe mbele ya wageni hakuweza. Mimi hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na sikuona haya hata kidogo. Kwenye mlima nikapunguza mwendo zaidi, kama goti lilivyotaka.

Tulipofika uwanjani Liliane akainua mikono juu, machozi yanamtoka.

"Leo mi nafika na batu! Munaona? Leo mi nafika na batu!"

Papa Derek alikuwa amesimama mbele ya bango, akiangalia picha, akiniangalia mimi.

"Bon, mama. Donc ni hii équipe, hii timu, njo ilikukondesha vile?"

Gasana alinitazama, macho yake yakiniomba.

"Hapana," nikasema. "Hii ndiyo iliyoniulia goti."

Brosheti siku hiyo sikujua zililiwa na nani. Nilishika njia ya nyumbani, Gasana akanifuata nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakunipita njiani. Tulipofika getini akaniuliza kwa sauti ndogo, nami nikaona kweli anataka kujua.

"Mama Sano, lakini kwa nini hukuniambia kwamba goti lilikuwa linakuuma hivyo?"

Nilimwambia kitandani. Nilimwambia kwenye mlango wa kanisa. Hospitalini nilimwambia, Akaliza akiwepo, na hapo uwanjani nilimwambia. Nilitaka kupiga ukelele majirani watoke.

"Nilikuambia, baba Sano. Kila mara ulikuwa na filimbi mdomoni."