Salamu za Ishaka

Kampuni ilikuwa na maghala ya majani chai Changamwe, na simu zake zote zilipitia mikononi mwa Milcah. Alikuwa ameikalia swichibodi ile tangu ujana wake, na simu ikilia mara mbili kabla hajaipokea alijiona amezeeka. Kisha wakamletea Ishaka wa kumsaidia.

Kijana mzuri, Ishaka. Mtu wa Jomvu Kuu, kalelewa akaleleka. Na hapo ndipo palipokuwa na balaa.

"Haloo, asalaam aleikum. Hujambo? Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto je? Wazee?"

"Nipe idara ya malipo!" mteja alifoka kutoka Nairobi.

"Nitakupa, inshallah. Mvua huko mmepata?"

Wakati huo taa nyingine zote zinawaka, na madereva wa malori wamekwama bandarini kwa sababu kila wakipiga hawapati mtu. Milcah hupitisha mkono juu ya kichwa cha Ishaka, akachomeka nyaya mwenyewe, huku akimkanyaga mguu.

"Simu si baraza, Ishaka! Mtu akipiga, unamuunganisha. Basi."

"Mama Mwikali, wallahi siwezi. Hata hali yake sijaijua, nimtupe kwa mwingine kama gunia?"

"Mtupe!"

"Mamangu akisikia atanikana."

Haya yote yangemchekesha Milcah kama si habari ya Ijumaa. Ijumaa ile bintiye, Mwikali, alikuwa anaingia kidato cha kwanza shule ya bweni huko Voi, na Milcah alikuwa ameapa kumpeleka mwenyewe, amtandikie kitanda, na amtazame matroni machoni ili waelewane. Bwana Erastus, meneja, hakukataa. Alisema tu, "Nenda, mradi Ishaka aweze kubaki peke yake. Nitampima mwenyewe Alhamisi."

Jumatatu Milcah alimgombeza. Jumanne alimbembeleza, jambo ambalo hata mumewe hajawahi kufanyiwa. Jumatano akaacha kupigana na salamu.

"Nisikilize. Kwanza chomeka waya, kengele ianze kulia kule ofisini. Wakati inalia, msalimie mtu wako utakavyo. Wa ofisini akishika tu, wewe funga mdomo, hata kama umefika kwa nyanyake."

"Hata kama hajanijibu?"

"Hata kama ndiyo kwanza anakwambia nyanya amekufa."

Ishaka akafikiri sana. "Hiyo naiweza."

Na kweli aliiweza. Kufikia jioni laini zilikuwa zinakwenda kama maji, na Milcah akaanza kupanga nguo za Mwikali kichwani.

Alhamisi asubuhi meneja alitoka, akasema anakwenda benki. Haikuchukua muda, simu ikalia. Milcah naye alikuwa amevaa vyombo vyake vya masikioni, akasikia sauti nzito, kama ya mtu aliyetiwa soksi mdomoni.

"Nataka kuongea na Bwana Erastus. Haraka."

Milcah aliijua sauti ile hata ingetiwa viatu. Meneja alikuwa kwenye kibanda cha simu cha posta, anampima Ishaka.

Ishaka akachomeka waya barabara. Kengele ikaanza kulia katika ofisi ya meneja. Nani angeshika? Mwenye ofisi ndiye aliyekuwa kibandani! Na Ishaka ameambiwa asalimie mpaka mtu ashike.

"Asalaam aleikum, bwana. Umeamkaje? Mama watoto hajambo? Watoto je?"

"Hawajambo, hawajambo."

"Alhamdulillahi. Na mama mkwe?"

"Mama mkwe," ilisema sauti, soksi imeshasahaulika, "alikuja Krismasi. Akasema ni wiki mbili."

"Lakini huu si Februari?"

"Najua ni Februari! Kiti changu amekalia yeye. Redio ni yake. Jana nimekula jikoni, nimesimama wima."

"Masikini! Na mkeo asemaje?"

"Anamwongezea chapati!"

Mkono wa Milcah ulifika kwenye waya, ukasita. Akiuchomoa, Ishaka ameshindwa, na Voi haiendeki. Akaurudisha mkono, akauma kola ya blauzi yake asicheke. Kengele ikazidi kulia, meneja akazidi kumwaga ya moyoni, mpaka sarafu zikamwishia na laini ikakatika.

Alirudi shati limemlowa jasho.

"Kuna simu yangu yoyote?"

"Moja, bwana," alisema Ishaka. "Hakuacha jina. Kiumbe wa Mungu, mama mkwe amemnyang'anya kiti, hata chakula anakula wima. Ofisini kwako simu haikushikwa, lakini nimempa pole. Akipiga tena nimwambieje?"

Meneja akamtazama Ishaka, na Ishaka akamtazama kwa huruma ya kweli, huruma aliyomwonea yule mpiga simu. Kisha meneja akamgeukia Milcah. Milcah alikuwa akimwangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyefuta sukari mdomoni akasahau shavuni.

"Hatapiga tena," meneja alisema.

"Na lile jambo la kumpima Ishaka, bwana? Si ulisema ni leo?"

"Nimeshampima."

"Lini tena? Si ulikuwa benki?"

"Milcah."

"Abee, bwana."

"Nenda Voi."

Hata adhuhuri ilikuwa haijafika, lakini Milcah alichukua mkoba wake akatoka. Meneja hakumuuliza mbona mapema.