Baba Yumo Kwenye Filamu

Jumamosi asubuhi Kaltumi alikuwa akikoroga damu. Aliipika kwa maua mekundu ya rozela na sukari nyuma ya karakana ya Zubairi, fundi wa kuchomelea vyuma hapo Katwe, na kila mara aliinua mwiko kuona kama inachuruzika inavyotakiwa. Mama yake, Aminah, alipita na ndoo.

"Sufuria yangu ya sherehe hiyo," alisema. "Wenzako wanapikia wageni, wewe unapikia mashetani."

"Damu nyepesi haionekani kwenye kamera, mama."

"Na mchumba naye haonekani."

Kaltumi alikuwa ameshatengeneza filamu sita, zote za kutisha. Ya kwanza aliipiga kwa simu, ikihusu fisi anayeuza nyama sokoni Nakasero. Ya sita ilikuwa ya jini la vyuma chakavu, ambalo Zubairi alilichomelea kwa mabati na minyororo. Watazamaji wa vibanda vya video walizipenda. Aminah hakuwahi kutazama hata moja. Mumewe Ramathan alichukuliwa na maji ya mtaro mkubwa wakati wa mvua, hakikupatikana hata kiatu chake, na tangu hapo Aminah hakutaka habari za wafu wa kuigiza. Kila jioni alimtengea Ramathan sahani ya chakula, akaifunika, na asubuhi akawapa kuku. Kaltumi alitamani jambo moja tu, na aliona haya kulisema: mama yake aje akae kwenye benchi, atazame filamu yake mpaka mwisho.

Filamu ya saba ilihitaji maiti wanaoibuka mtaroni. Kaltumi aliwakusanya vijana wa karakana, akawapaka unga na damu. Otema, mpiga picha, alipowasha kamera, waliibuka watu wengi kuliko walioitwa. Wale wa ziada hawakuhitaji kupakwa kitu. Walitembea taratibu, hawakuchungulia kamera, wala hawakuuliza chakula kinaletwa saa ngapi, jambo ambalo Kaltumi hakulizoea kwa waigizaji wake.

"Nyabo, bibie, huyu mzee analowesha waya zangu," Otema alilalamika. "Mwambie asogee."

Kaltumi alimtazama yule mzee. Alikuwa baba yake, na shati lile lile la kijani aliloondoka nalo.

"Asalaam aleikum, baba. Sogea kidogo kulia, hapo kuna kivuli."

Ramathan alisogea. Alifungua kinywa aseme neno, yakatoka maji matupu. Kaltumi akasema si kitu, sauti itawekwa baadaye. Jua lilipoinama wale wafu walishuka tena mtaroni, mmoja baada ya mwingine, wakishikana mikono kwa sababu kingo zinateleza.

Habari zilimfikia Aminah kupitia kwa mke wa Zubairi, aliyemwambia kwamba Ramathan ameigiza vizuri na hakuambiwa arudie hata mara moja. Siku ya kuonyesha filamu, Aminah aliingia kibandani amejitanda mtandio wake wa Idi, mkononi ana sahani iliyofunikwa. Alikaa benchi la mbele. Kwenye kiti pekee chenye mto alikaa mheshimiwa, mgeni rasmi. Huyu ndiye aliyeahidi, baada ya mafuriko yale, kwamba mtaro utafunikwa. Vifuniko vya zege vililetwa kweli kwa lori, vikapangwa kando ya barabara, kisha siku moja havikuwepo.

Kama ilivyo desturi ya vibanda vya Kampala, kulikuwa na mtafsiri, anayeshika kipaza sauti na kusema juu ya waigizaji, akitia na mzaha wake. Huyu alikuwa Zéphyrin, Mkongo mwenye sauti nzito. Ramathan alipotokea kwenye shuka lililotumika kama skrini, akafungua kinywa, Zéphyrin alinguruma:

"Muzee anasema: bibi yangu, leo umesahau pilipili!"

Watu walicheka. Ramathan alisimama. Alitikisa kichwa, akamgeukia Zéphyrin, akangoja. Maiti wengine nao wakasimama nyuma yake wakingoja.

"Hakusema hivyo," Aminah alisema.

"Papa, unisamehe," alisema Zéphyrin. Kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akitafsiri lugha asizozijua, hakuona ugumu. Alimtazama mzee midomo, akasema polepole: "Anasema, vifuniko vya mtaro viko Luzira, karibu na ziwa, kwenye ua wa nyumba ya mheshimiwa. Magari yanaegeshwa juu yake. Anasema wamevihesabu, vimetimia."

Watu walimgeukia mheshimiwa. Mheshimiwa alipiga makofi. Alisema vijana wana kipaji, na kwamba filamu ijayo iongezwe nyimbo. Kisha dereva wake akamfungulia mlango.

Aminah hakumwangalia. Alikuwa amesogeza benchi karibu na shuka.

"Umekula?" alimuuliza mumewe.

"Anasema bado," alitafsiri Zéphyrin. "Anasema huko kuna baridi, lakini ana wenzake."

Aminah aliweka sahani chini ya shuka, akaifunua. Filamu haikuwa imeandikwa hivyo, lakini Otema, aliyekuwa anaendesha mashine, hakuisimamisha. Walizungumza mpaka maneno yao yalipokwisha yote, na mwishoni sahani ilikuwa tupu. Kaltumi, aliyejibanza mlangoni, alimsikia mama yake akimwita.

"Wee Kaltumi. Kesho nitakuja tena. Na ile damu uniachie mimi niipike, wewe sukari unaibania."

Sasa filamu huonyeshwa kila siku, na kila siku huwa ndefu kidogo. Watu huja kutoka mbali kusalimia watu wao. Mheshimiwa amechaguliwa tena, na magari yake yameongezeka. Kaltumi anaandaa filamu ya nane, na kwenye sufuria ya sherehe damu inachemka, nzito, nyekundu, ikionjwa na Aminah.

Kila onyesho linapokwisha, shuka huwa limelowa chapachapa. Kaltumi hulikamua kwenye beseni, akalianika juani, kisha hubeba yale maji hadi mtaroni, ambao bado uko wazi. Huchuchumaa ukingoni na kuyamwaga kidogo kidogo, asije akammwagia mtu.